Moshi wa Nyumba ya Ayeyo

Kila alasiri Saado aliinama mbele ya mafiga, akapanga kuni, akapuliza mpaka machozi yakamtoka. Kuwasha moto wa futari ilikuwa kazi yake. Mama yake, Habibo, alikuwa kando akikoroga unga, na mdogo wake Nuh alizungukazunguka akiuliza kwa nini jua la Garissa halichoki kukaa juu. Nuh alikuwa na miaka mitano na hakufunga, ila alipenda sana kulalamika pamoja na waliofunga. Saado, wa miaka kumi na miwili, alikuwa anafunga Ramadhani yake ya kwanza bila kula hata siku moja, na habari hiyo alimpa kila aliyekuwa na masikio.

Ulikuwa mwaka 1967, na vita vya serikali na shifta, waasi waliotaka kujitenga na Kenya, vilikuwa bado havijazimika. Familia nyingi zilizozoea kuhama na mifugo porini zilikuwa zimeletwa na serikali zikae pamoja kando ya mji, ndani ya boma kubwa la miiba. Lango lilifunguliwa asubuhi na kufungwa jioni mapema, na likishafungwa hakuna aliyetoa hata pua nje. Usiku bunduki zililia mbali, wakati mwingine si mbali sana. Asubuhi watu walisalimiana kana kwamba walikuwa wamelala fofofo.

Moshi ulipopanda jioni hiyo, Habibo aliacha kukoroga. Alifumba macho akavuta pumzi ndefu.

"Mnaisikia?" aliuliza. "Harufu ya nyumba ya mama yangu. Ubani, samli na maziwa ya ngamia. Jana pia niliisikia. Saado, wewe huisikii?"

"Hapana, hooyo," Saado alijibu bila kuinua uso. Hooyo ndivyo watoto wa Kisomali wanavyomwita mama. "Labda ni njaa ya funga."

"Njaa gani yenye harufu ya mtu?"

Bibi yao, Ayeyo Maka, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, njiani, familia ilipokuwa ikiletwa mjini. Walimzika kando ya barabara, wakampangia mawe juu, wakaendelea na safari kwa sababu waliambiwa waendelee. Hakuna aliyeweza kurudi kuliona kaburi lake. Sasa, tangu Ramadhani ianze, alikuwa akija kwa binti yake katika moshi wa jioni, na Habibo alikuwa ameanza kumsubiri.

Saado alijua harufu ile ilitoka wapi. Alijua kuliko mtu yeyote.

"Nimekata shauri," Habibo alisema siku ile baada ya kufuturu. "Idd hii nataka kupumzika. Baba yenu amesema tajiri wake atampa ruhusa ya kuja. Nitaisimamisha nyumba ya mama hapo uani, tulale humo sote wanne kwa siku tatu za sikukuu. Sitaki kumsikia mtu akitaja bunduki wala lango. Nitaswali alfajiri, kisha nitarudi kulala mpaka jua liniguse miguu. Tangu tuje hapa sijalala usingizi wa haki."

"Na mimi nitalala katikati!" Nuh alipiga kelele.

Habibo alicheka. Kicheko chake kilikuwa kimekuwa adimu kama mvua ya Januari, na Saado alipokisikia alitamani ardhi impasukie.

Hapa inafaa kueleza nyumba hiyo ilikuwa kitu gani. Kwa wafugaji wa kule nyumba ni mali ya mke. Binti akiolewa, mama na shangazi zake humtengenezea fito kwa mizizi mirefu ya mgunga, iliyokunjwa ingali mibichi ikapinda kama upinde, na wakamsukia mikeka ya kuifunika. Siku ya kuhama mke huifungua, akaibeba juu ya ngamia, akaisimamisha tena mahali papya. Mwanamume hana nyumba. Akikosana na mkewe, atalala nje na ngamia akifikiria makosa yake. Fito za Habibo zilikuwa zimetoka kwa Ayeyo Maka. Zilikuwa zimefukizwa ubani na kupakwa samli kwa miaka mingi hata zikawa nyeusi, ngumu na kavu. Tangu waletwe mjini na kupewa chumba cha udongo, zilikuwa zimefungwa ndani ya mikeka na kuegemezwa nyuma ya chumba.

Fito kavu zenye samli huwaka vizuri mno, na Saado alikuwa akizichoma mmoja mmoja tangu mwezi wa funga uandame.

Hakufanya hivyo kwa uvivu, ingawa mtu angeweza kudhani hivyo. Kuni zilikuwa porini, nje ya lango, katika laga. Laga ni mto mkavu unaopitisha maji siku ya mvua tu, na ile ilikuwa na miti mingi iliyokufa. Wasichana wote wa boma walikwenda huko kwa makundi. Lakini Saado alikuwa ameijua laga ile kabla ya boma kuwepo. Alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya ukingo wake, mkono wa baba yake ukiwa juu ya kichwa chake, siku watu wenye bunduki walipowamiminia risasi ngamia wao. Saado hakuona kitu. Alisikia tu. Kengele ya mti ya Barni, yule ngamia jike aliyetangulia kundi, ililia ko, ko, ko kwa haraka, kisha polepole, kisha ikanyamaza.

Walipofika nyumbani jioni ile, Habibo alikuwa amesema, "Habari hii isitajwe tena ndani ya nyumba yangu." Haikutajwa. Wiki chache baadaye walihamishiwa mjini.

Siku ya kwanza ya Ramadhani Saado alikwenda kuokota kuni na rafiki yake Arbia. Alikuwa ameinama kuvuta tawi aliposikia kutoka kwenye kona ya laga: ko, ko. Kimya. Ko.

"Umesikia?" alimshika Arbia mkono.

"Nini?"

"Kengele. Kengele ya ngamia."

Arbia alisikiliza kidogo, upepo ukawa umetulia. "Hakuna ngamia hapa, Saado. Kuna mifupa tu. Funga imekupanda kichwani."

Saado hakungoja kubishana. Alitoka mbio hadi langoni, mikono mitupu. Jioni ikakaribia, moto haukuwa na kuni, na mama alikuwa karibu kurudi kutoka kuchota maji. Ndipo macho yake yalipoangukia ule mzigo nyuma ya chumba. Ufito mmoja tu, alijiambia. Hakuna atakayejua.

Kesho yake alifuatana na wasichana mpaka nje ya lango, akainamia kiatu chake kana kwamba kimekatika, akawaacha watangulie, akarudi kwa kunyata. Ukawa ndio mtindo. Mzigo ulipoanza kukonda alikwenda kwenye mashamba ya kando ya mto, akaomba mabua ya mahindi, akayapachika ndani ya mikeka ili mzigo uonekane mnene. Mabua hayafai kupikia. Huwaka mara moja yakazimika. Ila kwa kudanganya macho yalifaa sana.

Usiku alilala akiwa ameupa mzigo ule mgongo. Mchana alizunguka mbali akipita nyuma ya chumba. Alikuwa anakwepa kengele kule porini, na sasa alikuwa na kitu cha kukwepa hata nyumbani kwao. Na kila jioni mama yake alifumba macho mbele ya moshi akatabasamu.

Hatimaye ikafika siku iliyotarajiwa kuwa ya mwisho ya kufunga. Asubuhi wanawake wa jirani walikuja kumsaidia Habibo kusimamisha nyumba, kwa kuwa kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Mbele yao alikuwa Nurto, mama yake Arbia, mwanamke mwenye moyo mwema na mdomo usio na breki. Alishika upande mmoja wa mzigo, Habibo upande wa pili, wakauinua.

"Lo!" Nurto alisema. "Habibo, humu umefunga nyumba au hewa? Hata kuku angeubeba."

"Ni furaha ya sikukuu imenitia nguvu," Habibo alijibu akicheka, na akaanza kulegeza kamba.

Saado alikuwa amesimama karibu na mafiga. Aliutazama mkono wa mama yake ukifungua fundo la kwanza, kisha la pili. Alijua kwamba bado kulikuwa na nafasi ya kuvaa uso wa mbao na kusema ni wezi, na hakuna ambaye angeshangaa, kwa kuwa katika boma lile vitu vilipotea kila siku. Neno hilo lilikuwa tayari limefika kwenye ulimi. Kisha akamwona mama akiinusa mikeka, akiitafuta ile harufu.

"Hooyo, usifungue," alisema. "Humo si fito. Ni mabua."

"Mabua?"

"Nimezichoma. Fito nyingi za Ayeyo. Nimezipikia futari."

Fundo la mwisho lilifunguka lenyewe. Mabua yalimwagika uani, na katikati yake fito chache nyeusi. Nuh aliona bua refu, akalipanda kama ngamia na kuanza kuzunguka ua. Hakuna mtu mwingine aliyesogea.

Habibo alikaa chini pale pale. Aliokota ufito mmoja, akauweka mapajani, akageuka akayatazama mafiga.

"Kwa hiyo ile harufu..." alisema, akasita. "Kila jioni tulikuwa tunakula nyumba ya mama yangu."

"Mtoto huyu anastahili kiboko!" Nurto alifoka. "Arbia wangu anakwenda laga kila siku, na huyu mvivu..."

"Ngoja, Nurto. Saado, njoo hapa. Kwa nini?"

Saado alisogea hatua moja. "Naogopa laga. Barni bado yuko kule. Nasikia kengele yake, hooyo. Arbia haisikii, naisikia mimi peke yangu."

"Audhu billahi," Nurto alinong'ona.

Habibo aliufuta uso wake kwa ncha ya shuka. Kisha alisimama, akachukua shoka na kamba, akamnyooshea Saado mkono. "Twende tukaisikie wote wawili."

Langoni askari alikuwa ameketi juu ya debe. "Mama, na wewe leo? Unaenda wapi?"

"Kuni tu, askari," Habibo alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Kesho Idd, bwana yangu nakuja. Sisi narudi mabema, fizuri kabisa."

"Kabla ya saa kumi, mama. Nikishafunga, sifungui."

Walishika njia ya porini. Kadiri laga ilivyokaribia, ndivyo vidole vya Saado vilivyozidi kuukaza mkono wa mama yake. Waliteremka kwenye mchanga. Jua lilikuwa kali, ndege hawakulia, na mifupa myeupe ilianza kuonekana kwenye kona. Upepo ulivuma kidogo.

Ko. Ko, ko.

Habibo alisimama ghafla. Saado aliinua macho kumtazama, akaona midomo ya mama yake imekauka.

"Naisikia," Habibo alisema polepole. "Wallahi, mwanangu, hata mimi naisikia."

Saado alilia papo hapo, kwa sauti, kama mtoto mdogo. Si kwamba hofu ilikuwa imemtoka. Ilikuwa bado ipo, lakini sasa hakuwa nayo peke yake. Walishikana, wakasogea mbele hatua kwa hatua hadi kwenye kona. Hapo ukingo wa laga ulikuwa umebomolewa na maji ya mvua zilizopita, na mizizi ya migunga ilikuwa imening'inia wazi. Kwenye mzizi mmoja ulionyooka kama mkono ilikuwa imenasa kamba iliyochakaa, na kwenye kamba hiyo kengele ya mti. Huenda maji ndiyo yaliyoinyanyua kutoka kwenye mifupa na kuipachika hapo. Upepo ulipovuma iligonga, ulipotulia ilinyamaza.

Habibo aliitungua. Aliigeuza, akaona alama ya moto ambayo mumewe alikuwa ameichoma ubavuni mwake. Ndipo na yeye akakaa mchangani akalia. Kisha akaanza kuwataja ngamia kwa majina, mmoja baada ya mwingine: nani alikuwa mkaidi, nani alikuwa na maziwa mengi, nani aliwahi kukanyaga sufuria ya harusi. Saado alimkumbusha aliowasahau. Walikaa pale wakizungumza juu ya siku ile iliyokuwa haitajwi, na ilipokwisha kutajwa, laga ilionekana kuwa laga tu, yenye mchanga, mifupa na kuni nyingi.

"Nilikosea," Habibo alisema. "Nilidhani tukinyamaza tutapumzika."

Alijipangusa machozi, akainua uso kutazama ukingo. Macho yake yakatulia kwenye mizizi iliyoning'inia, mirefu, mibichi, isiyo na fundo.

"Subhanallah! Mama yangu alikuwa akichimba siku nzima apate mizizi mitatu kama hii. Shika hapa, usiachie."

Walikata hadi mikono ikawauma, wote wawili wakiwa na saumu. Walirudi na mizizi mgongoni, kuni kichwani, na kengele ikilia kiunoni mwa Habibo. Askari aliwatazama, akatikisa kichwa, akawafungulia.

Nurto alikuwa bado anawasubiri uani pamoja na wenzake. "Mapumziko gani haya, Habibo? Umetoka kupumzika au kulima?" alisema, huku tayari akinyoosha mikono kupokea mizigo. Wanawake waliikunja mizizi ingali na maji, wakaifunga pamoja na fito za zamani zilizobaki, wakatandaza mikeka juu. Saado alipewa kazi ya kushika kila palipohitaji kushikwa, na hakuthubutu kusema amechoka. Nyumba iliyosimama ilikuwa fupi na imeegemea upande mmoja. Habibo aliitundika kengele mlangoni, mahali ambapo kila mtu angeiona ikilia.

Baba yao, Adow, aliingia lango likikaribia kufungwa. Alikuwa mtu mrefu, mchungaji wa ng'ombe wa tajiri mmoja kusini mwa mji. Alijigonga paji la uso kwenye mlango wa nyumba, kengele ikalia.

"Hii ni nyumba ya watu au ya kobe?" aliuliza. Kisha akaitambua kengele. Aliishika kwa muda mrefu, akamtazama mkewe, akamtazama binti yake, na Saado akamweleza yote bila kuficha. Adow alimwekea mkono juu ya kichwa, kama alivyofanya siku ile nyuma ya ukingo.

Mwezi ulionekana jioni hiyo. Walilala wote wanne ndani ya nyumba ile, Nuh katikati, miguu ya baba ikiwa nje.

Asubuhi ya Idd, baada ya swala ya alfajiri, Habibo alirudi kulala. Jua lilichomoza, watoto wa boma wakaanza kupita na nguo zao za sikukuu, na Nuh alipotaka kuingia ndani Adow alimdaka na kumwonyesha kidole cha kimya. Saado aliwasha moto kwa kuni za laga. Alipuliza mpaka machozi yakamtoka.

Jua lilipoigusa miguu ya Habibo, alifumbua macho. Alivuta pumzi ndefu, akangoja, akavuta tena.

"Saado."

"Naam, hooyo."

"Leo moshi ni moshi tu."

Saado aliinamisha kichwa. "Nisamehe, hooyo."

"Nimekusamehe. Lakini sitakudanganya, inauma. Mama yangu hatakuja tena jioni, na zile fito hazirudi." Habibo aliketi, akamvuta karibu. "Sikiliza, na wewe Nuh usikilize. Kuogopa si kosa. Hata mimi niliogopa jana, na baba yenu aliogopa kabla yetu. Kosa ni kuificha hofu kwa uongo, kwa maana uongo ule ulidai ufito mwingine kila siku. Ungeniambia siku ya kwanza, tungepoteza asubuhi moja. Ulinificha, tukapoteza nyumba. Tangu leo, ukiogopa, niambie. Nami nikiogopa, nitakuambia. Baada ya sikukuu tutakwenda laga kukata mizizi, mimi na wewe, mpaka nyumba itimie, na siku utakayoolewa utaibeba ukijua umeitengeneza kwa mikono yako."

"Ndiyo, hooyo."

"Vizuri. Sasa ondokeni mlangoni, mnanizibia upepo," Habibo alisema, akajilaza tena ubavu na kufumba macho. "Nilisema siku tatu, na hata ya kwanza bado sijaimaliza."